Kizimba cha Kule

Swali la insha hii sikulipata darasani. Niliulizwa na mdogo wangu, kijana wa miaka 14, tulipokuwa nyumbani Bwera wakati wa likizo. "Dada," aliniambia, "nyoka anafaa kukaa katika nyumba ya namna gani?" Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufika chuo kikuu. Tangu siku hiyo nimelirudia jibu lile mara nyingi, na nadhani lilikuwa baya, ingawa kila nililolisema lilikuwa na sababu yake.

Nianze na nyoka mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu kuna ghala dogo ambamo baba huweka magunia ya kahawa akisubiri bei ipande. Penye magunia pana panya, na penye panya nyoka hufika. Huyu aliyefika kwetu alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, akimulikwa na jua anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na kichwani ana mistari miwili hafifu. Ni yule nyoka wa majumbani anayepatikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hana sumu. Hutoka usiku, humkamata panya, humviringia na kumbana mpaka afe, kisha humeza. Mwenye ghala angepaswa kumshukuru. Lakini kwetu, kama kwingine kwingi, nyoka ni nyoka. Jirani alishafika na panga. Mama alisimama mlangoni akiita jina la Yesu. Mdogo wangu alimfunika nyoka kwa beseni la plastiki, akalikalia beseni, na hakuondoka mpaka jirani aliporudi kwake.

Ujasiri ule ulitoka kwangu. Nilipokuwa sekondari tulipelekwa Entebbe kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori, kile kilichoanzishwa mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Huko tulionyeshwa nyoka nyuma ya vioo, tukaelezwa yupi wa kuogopwa, kama kifutu na swila, na yupi wa kuachwa apite zake. Niliporudi nilisimulia nyumbani kwa wiki nzima. Mdogo wangu alikuwa bado mtoto mdogo, lakini alisikiliza kuliko nilivyodhani.

Akampa nyoka jina. Sisi Bakonzo huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Baluku, wa nne Kule. Nyumbani kwetu wavulana ni watatu. Jina lililofuata lilikuwa wazi, basi nyoka akawa Kule. (Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, maana kwake neno hilo ni mahali, tena mahali pa mbali.) Mama alikasirika kuliko alivyokasirika alipomwona nyoka. Alisema jina la mtoto wa tumbo lake halitolewi kwa kiumbe kitambaacho. Mdogo wangu alimjibu kwa adabu kwamba jina halina mwenyewe kwa sasa. Mama hakusema kitu, akaingia jikoni. Mimi nilicheka. Sikuona wakati ule kwamba tulikuwa tumempa Kule nafasi katika familia kabla ya kumpa mahali pa kulala, na kwamba mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote.

Makao yake ya kwanza yalikuwa jerikeni ya lita 20 iliyokatwa juu na kufunikwa kwa wavu. Nilisema hayafai. Tukaenda kwa seremala karibu na soko la Mpondwe, naye akatutengenezea sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 40, kioo mbele, matundu madogo ubavuni na kifuniko chenye kufuli. Ndani tuliweka mchanga, kisahani cha maji na kigae cha chungu cha kujificha chini yake.

Nakumbuka vizuri jinsi vipimo vile vilivyopatikana. Mama alitaka pasiwe na ufa wa kupitisha hata kidole, na ufunguo ukae kwake. Baba alitaka gharama isizidi shilingi 40,000. Mdogo wangu alitaka kioo ili amwone. Jirani alitaka sanduku lisikae upande wa ukuta wake. Mimi nilitaka liwe rahisi kusafisha. Tulielewana vizuri sana, kama kamati ya harusi. Baadaye, nilipoipitia orodha ile kichwani, niligundua kwamba kila sharti lilikuwa na mwenyewe, na wenyewe wote walikuwa watu.

Kwa kuwa mama hakumtaka ndani ya nyumba, sanduku tuliliweka katika jiko la zamani, chumba chenye paa la chini la mabati, juu ya benchi lililo mkabala na dirisha linalotazama Kongo. Siku za kwanza zilienda vizuri. Kule alimla mtoto wa panya tukafurahi. Kisha ikaanza tabia moja. Kila jioni alipita kandokando ya kioo, akifika mwisho anarudi, akifika mwisho anarudi, huku akisugua pua. Mdogo wangu alisema anatusalimia. Nami nilidhani hivyo, au nilitaka kudhani hivyo, hata ncha ya pua ilipoanza kuwa nyekundu.

Mwezi wa Juni nilikwenda Kasese mjini kwa mafunzo ya vitendo. Siku moja ya Julai, jua likiwa kali na vumbi limejaa mji, simu iliita saa kumi na mbili jioni. "Dada, Kule hajikunji." Sikuelewa. Akarudia. Alikuwa ametoka shule akamkuta amelala kando ya kioo, amenyooka kadiri sanduku lilivyomruhusu, shingo imepinda kwenye pembe. Kioo kilikuwa bado cha moto. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani moja kwa moja, mabati yakaongeza lake, na kigae tulichomwekea kilikuwa katika joto lile lile. Mama alikuwa na ufunguo, alikuwa sokoni. Lakini hata angekuwa nyumbani asingejua, kwa sababu nyoka hapigi kelele.

Hili la kutopiga kelele ndilo lililonisumbua kwanza. Mwanafalsafa wa Kiingereza Jeremy Bentham aliandika katika kitabu cha mwaka 1789 kwamba tukitaka kujua wajibu wetu kwa wanyama tusiulize kama wanafikiri au wanasema, tuulize kama wanaumia. Ni kauli inayofundishwa kila mahali na mimi naikubali. Lakini Bentham alizoea farasi na mbwa, wanyama ambao maumivu yao tunayasoma usoni. Nyoka hana kope za kufumba, hana sauti ya kulia, uso wake siku ya furaha na siku ya kufa ni ule ule. Ishara pekee aliyonipa ilikuwa kusugua pua, na niliitafsiri kuwa salamu. Hapo ujuzi wangu wa maadili haukupungukiwa na kanuni. Kanuni nilikuwa nayo. Nilikosa macho ya kuona kwamba inahusika.

Mwaka 1974 Mmarekani Thomas Nagel aliandika makala mashuhuri akiuliza ilivyo kuwa popo. Alisema tunaweza kujua kila kitu kuhusu mwili wa popo na bado tusijue ulimwengu unavyohisiwa na popo mwenyewe. Wengine husoma makala ile na kuona ruhusa: kwa kuwa hatuwezi kujua, tusijihukumu. Mimi nasoma kinyume. Sihitaji kujua ilivyo kuwa nyoka ili nijue kinachouendesha mwili wake. Mwili wangu hutengeneza joto lake wenyewe. Nikikaa Kasese penye joto au nikipanda Rwenzori penye baridi, ndani nabaki vile vile. Nyoka hulipata joto kwa kuhama. Asubuhi hutafuta jiwe lenye jua, mchana huingia chini ya magunia, akishakula hutafuta palipo na uvuguvugu ili chakula kimeng'enyeke. Sisi tukisema "uhuru wa kwenda utakako" tunafikiria siasa, au tunafikiria mtu anayetaka kutembea. Kwa nyoka kuchagua mahali ni sawa na moyo wangu kupiga. Tulipompa sanduku lenye joto moja kila upande tulimnyang'anya kiungo, na hatukumwaga hata tone la damu.

Wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani, ambako hata aina hii yetu huzalishwa na kuuzwa, wanayajua haya. Wanasema sanduku liwe na upande wa moto na upande wa baridi, kila upande na maficho yake, na kipimajoto viwe viwili, si kimoja. Hata urefu una mjadala. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba nyoka hujikunja tu, hivyo hahitaji nafasi ya kunyooka. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha utafiti wakionyesha kwamba nyoka hunyooka mara nyingi wanapopata nafasi, na kwamba sanduku fupi kuliko mwili wa nyoka halitetewi na sayansi. Kule alikuwa na urefu upatao sentimita 70. Sanduku lilikuwa 60. Nilikuwa nimeridhika na tofauti ile kwa sababu kila nilipomtazama alikuwa amejikunja.

Sasa, kuna hoja dhidi yangu ambayo ina nguvu, na baba aliitoa jioni ile ile kwa simu ili kunifariji. Alisema: msingemweka sandukuni angekatwa panga siku ya kwanza, mlimwongezea wiki saba. Ni kweli. Nje kulikuwa na panga, mwewe, na gari za kwenda mpakani. Kwa hesabu ya siku, sanduku lilikuwa faida.

Lakini hoja hii nimewahi kuisikia mahali pengine, na ndiyo maana siiamini. Huisikia kwa watu wa mjini wanaochukua wasichana vijijini kufanya kazi za nyumbani. Msichana akilalamika kwamba analala jikoni na hatoki nje tangu Krismasi, jibu huwa tayari: "Ningekuacha kwenu ungekuwa wapi?" Kumwokoa mtu kutoka ubaya mmoja kunageuzwa kuwa kibali cha ubaya mdogo zaidi, na kibali hicho hakina tarehe ya kuisha. Aliyeokoa hapewi haki ya kupima wema wake kwa kulinganisha na panga. Tulipomtoa Kule chini ya beseni, panga lilikuwa limeondoka. Kuanzia hapo tulikuwa tunachagua kwa hiari yetu. Tungeweza kumpeleka mbali na nyumba usiku ule na kumwacha. Hatukufanya hivyo kwa sababu tulitaka kumwona.

Kizimba, katika Kiswahili, ni mahali anapofungiwa mnyama, na pia ni mahali anaposimama mshtakiwa mahakamani. Nimekaa na maana hizo mbili muda mrefu. Kisheria, kwa kweli, tungeweza kufikishwa katika kile cha pili. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema mnyama wa porini aliye katika makazi yake ya asili ni mali ya Serikali kwa niaba na kwa faida ya wananchi, na anayetaka kumfuga sharti apate kibali. Niliisoma nikiwa nimechelewa. Nikajiuliza, kwa ubishi wa kitoto, makazi ya asili ya nyoka wa majumbani ni yapi kama si ghala la baba?

Ubishi ule ndio ulionipeleka kwenye jibu ninaloliamini leo. Kwetu milimani watu hufuga nyuki. Hutengeneza mzinga, huupandisha mtini, kisha husubiri. Nyuki wakiupenda huingia. Ukiwa na unyevu, au sisimizi, au kelele, huhama, na mwenye mzinga hujua kwamba amekosea. Hatusemi kwamba nyuki wamefungwa mzingani ingawa wamo ndani ya kuta. Mfuga nyuki hulijibu swali la mdogo wangu kila msimu bila falsafa, kwa sababu wakazi wake wanaweza kukataa. Neno "kufaa" lina maana pale tu anayekaa anaweza kuonyesha kwamba hapamfai, na kuonyesha kwake kukawa na matokeo. Kule alikataa kila jioni kwa pua yake. Kufuli liligeuza kukataa kwake kuwa salamu.

Ghala lilikuwa mzinga. Aliingia mwenyewe, alikula mwenyewe, chini ya mlango palikuwa na mwanya, na kati ya magunia palikuwa na joto la kila namna. Tulikuwa tukimfuga, kama kufuga ni kushirikiana mahali na faida, kabla hatujaanza kumfuga.

Najua jibu hili lina mipaka. Nyoka aliyezaliwa ndani ya sanduku London hawezi kufunguliwa mlango atoke kwenye theluji. Kwake yeye kilichobaki ni kukataa kudogo kudogo: kuhama kutoka upande wa moto hadi wa baridi, kujificha asionekane, kunyooka akitaka. Martha Nussbaum, ambaye ameandika kwamba haki ya kila mnyama ipimwe kwa mambo ambayo aina yake hustawi kwa kuyafanya, pengine angeridhika na hayo. Mimi naridhika nusu.

Na kuna chatu wa Entebbe. Siwezi kumpita kimya. Nilimtazama nyuma ya kioo, mimi na wanafunzi wenzangu tukipiga makelele, na kwa kumtazama nikajifunza yale yaliyomfanya mdogo wangu akalie beseni. Chatu mmoja alilipa kwa kufungwa kwake, na nyoka mwingine wa Bwera akapata wiki saba. Nilimuuliza mhadhiri wangu kama biashara hiyo ni halali. Akaniuliza nani aliifanya. Chatu hakuulizwa, nilisema. Akasema, "Basi usiiite biashara." Nimejaribu kutafuta jina lingine na sijalipata.

Ninachojua ni kwamba kuna njia nyingine ya kutazama. Katika msitu wa Maramagambo, upande wa pili wa mlango wa Kazinga ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna pango lenye popo wengi sana, na chatu hukaa humo wakiwala. Watalii walikuwa wakifika mdomoni kabisa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliyelitembelea alifariki kwa ugonjwa wa Marburg, ambao virusi vyake huishi katika popo wale, na pango likafungwa. Baadaye lilijengwa jukwaa la kutazamia, mbali kidogo na pango. Siku hizi mgeni husimama pale, ndani ya mipaka aliyowekewa, na chatu hutoka akitaka au hatoki. Wapo wanaorudi bila kumwona, na nasikia wengine hulalamika kuhusu pesa zao.

Nilimweleza mdogo wangu habari ya jukwaa lile. Aliuliza swali moja tu: kama chatu anajua kwamba anatazamwa. Nikamwambia sijui. Alikuwa amemzika Kule nyuma ya migomba, na sanduku mama alikuwa ameshalichukua kuwekea vifaranga, kioo kimeng'olewa.

Desemba niliporudi nyumbani alinipeleka ghalani na kunionyesha gamba la nyoka lililovuliwa nyuma ya magunia, limekauka, zima, hata mahali pa macho panaonekana. Alilipima kwa rula ya shule: sentimita 91. Nilimwambia gamba hunyumbuka likivuliwa, kwa hiyo mwenyewe ni mfupi kidogo. Hakumpa jina. Baba anataka kuziba mwanya ulio chini ya mlango wa ghala kabla ya mvua za Machi, kwa sababu panya hupita hapo. Mdogo wangu anasema nyoka naye hupita hapo hapo. Mama, kwa mshangao wetu, hajatoa kauli. Mfuko wa saruji umeshanunuliwa, uko barazani.